Skalari wa wiki nane: wamedumaa, au wamepimwa vibaya?

Msomaji ameandika hivi: "Nina vifaranga 60 wa skalari (angelfish, samaki wa mapambo) waliotimiza wiki 8 tangu waanze kuogelea. Wako kwenye tangi la lita 60, joto nyuzi 25, nawalisha vipande vikavu mara mbili kwa siku. Nimebandika rula kwenye kioo cha mbele, na kila wiki namtafuta aliye mkubwa kuliko wote nampima. Wiki ya 6 alisoma sentimita 3.1, wiki ya 7 sentimita 3.4, wiki hii 3.2. Wapo wadogo wasiofika hata nusu yake. Nimesoma mahali kwamba samaki hawa wanapaswa kukua sentimita 2 kila mwezi. Je, wamedumaa? Niwaondoe wadogo? Na wakitengwa, wanaweza kuwafikia wenzao?"

Nianze na namba zako tatu, kwa sababu zimebeba nusu ya jibu. 3.1, kisha 3.4, kisha 3.2. Samaki akikosa chakula hupungua uzito, mgongo ukachongoka na tumbo likaingia ndani, lakini mifupa yake hairudi nyuma. Hakuna kifaranga anayepoteza milimita 2 za urefu kwa siku 7. Kilichoyumba hapo ni kipimo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama wamedumaa, tukubaliane kwamba bado hujui ukubwa wao wala kasi yao. Si aibu hata kidogo. Karibu kila anayelea vifaranga huanzia hapo. Ila ni hatari kuchukua uamuzi wa kuwaondoa samaki kwa kutegemea namba za namna hiyo.

Rula yako iko nje ya kioo, na samaki yuko ndani, nyuma ya rula, kwa umbali unaobadilika kila sekunde. Kitu kilicho mbali huonekana kidogo. Maji nayo hupinda mwanga kwa kipimo cha 1.33, ndiyo maana sentimita 10 za maji huonekana kama 7.5 tu. Sasa tupige hesabu, tukiacha unene wa kioo. Jicho lako liko sentimita 30 kutoka kwenye rula, na samaki wa sentimita 4 yuko sentimita 10 nyuma ya kioo. Kwa macho yako, yuko umbali wa 37.5. Gawanya 30 kwa 37.5, unapata 0.8: samaki huyo wa sentimita 4 atasoma 3.2. Akisogea mbele akabaki sentimita 5 kutoka kwenye kioo, atasoma karibu 3.6. Samaki ni yule yule, dakika ni ile ile, na tayari una tofauti ya milimita 4, ambayo ni kubwa kuliko ukuaji wote wa wiki nzima. Hapo sijaongeza kwamba hana desturi ya kusimama sambamba na kioo. Akigeuka kidogo tu, urefu unaouona unapungua tena.

Kuna na swali jingine: una hakika gani kwamba mkubwa wa wiki ya 6 ndiye mkubwa wa wiki ya 8? Nitalirudia hilo baadaye.

Kwanza tuseme ni sehemu gani ya samaki inapimwa. Watu wakisema "samaki wa sentimita 5" huwa wanasema vitu viwili tofauti bila kujua. Upo urefu mzima, kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Na upo urefu wa mwili, kutoka ncha ya mdomo uliofungwa hadi pale nyama ya mkia inapoishia na miale ya pezi inapoanza. Kwa samaki aliye hai mahali hapo panaonekana vizuri: magamba yanakoma, na mkia ukipindwa hujikunja kwenye mstari huo huo. Wanaochunguza samaki kwa kazi ya sayansi hupendelea urefu wa mwili, na wanaofuatilia makuzi ya zebrafishi, samaki mdogo wa maabara, huuamini kuliko hata umri, kwa sababu ndugu wawili wa siku moja, waliolelewa pamoja, wanaweza kuwa katika hatua tofauti kabisa za kukomaa huku samaki wawili wa urefu mmoja wakifanana.

Kwa skalari tofauti hii si jambo dogo. Mkia wake hutoa nyuzi nyembamba kwenye pembe za juu na chini, na nyuzi hizo hukua kwa ratiba yake yenyewe, hukatika, huota tena. Niliwahi kulea kundi ambalo kwa wiki 2 nzima lilionyesha kusimama kukua. Nilibadilisha chakula, nikabadilisha maji, nikapima amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, asubuhi na jioni. Siku nilipowatazama kwa utulivu nikaona tatizo: walikuwa wakitafunana mikia. Miili ilikuwa inakua kama kawaida, mapezi yanafupishwa, na mimi nilikuwa nikipima vyote viwili kwa pamoja. Tangu hapo sipimi mkia wa kifaranga yeyote, awe skalari, awe gapi dume mwenye mkia wa feni, awe samaki wa dhahabu mwenye mapezi ya kuning'inia.

Vifaranga wachanga sana, wale ambao pezi la mkia halijaumbika, hawana bado mstari huo wa mwisho wa nyama. Kwao kipimo huishia kwenye ncha ya uti wa mgongo. Baadaye ncha hiyo hupinda kuelekea juu, mkia unaumbika chini yake, na kuanzia hapo unatumia kipimo cha kawaida. Wako wameshapita hatua hiyo zamani.

Skalari ana jambo lake jingine, na hili ndilo hunifanya nimpende kumlea kuliko samaki wengine. Anapoanza kuogelea ni kijiti chenye macho, cha takriban milimita 5. Kisha, kati ya wiki ya 3 na ya 5 hivi, mwili unaacha kufanana na kijiti na kuanza kuwa sahani: kimo kinapanda haraka, mapezi ya juu na ya chini yanachomoza, na baada ya siku chache una samaki anayefanana na wazazi wake. Katika kipindi hicho ukipima urefu peke yake utadhani mambo yamepoa, ilhali nyama inajengwa kwenda juu na chini. Kwa hiyo mpime urefu wa mwili na pia kimo cha mwili bila mapezi, kutoka mgongoni hadi tumboni pale palipo pana zaidi. Kwa samaki wenye umbo la kawaida urefu unatosha.

Sasa namna ya kupima bila kumuumiza. Kifaranga hapaswi kulazwa mkavu juu ya rula. Ngozi yake imefunikwa na ute unaomkinga na vijidudu, na mkono mkavu au kitambaa huuondoa. Wala sikushauri umlaze usingizi kwa dawa ili tu upate namba. Hatari ni kubwa kuliko faida. Tumia picha. Tafuta chombo chembamba chenye kuta mbili bapa za kioo au plastiki angavu, nafasi kati yake ikiwa upana wa vidole viwili hivi, samaki aweze kwenda kushoto na kulia lakini asiweze kwenda mbele na nyuma. Jaza maji ya tangi lile lile. Tumbukiza ndani rula ya plastiki, katika usawa ule ule ambao samaki atapita, ili maji yanayomdanganya jicho kuhusu samaki yamdanganye vivyo hivyo kuhusu rula. Simamisha kamera mbali, mita moja au moja na nusu, kisha vuta picha kwa lenzi. Usiisogeze kamera karibu. Umbali huo ndio unaoua kosa. Rudi kwenye hesabu yetu: hata kwa rula ya nje na samaki aliye sentimita 10 nyuma, ukipiga ukiwa sentimita 150 kosa linashuka kutoka asilimia 20 hadi chini ya 5. Kwa rula ya ndani linakaribia kuisha kabisa. Bakuli la mviringo lisahau. Kioo chake kilichopinda hubadilisha ukubwa na umbo la samaki unayemwona.

Piga picha nyingi, kisha uchague zile tu ambazo samaki yuko ubavu kamili, mdomo umefungwa, mwili umenyooka. Pima kwenye skrini kwa kulinganisha na milimita za rula iliyo kwenye picha. Kifaranga asikae humo zaidi ya dakika 2 au 3, na usiwaweke wengi kwa pamoja, maana maji machache hupoteza joto na hewa upesi.

Nani apimwe? Si mkubwa peke yake, ambaye huenda si yule yule kila wiki. Mkubwa ni yule aliyewahi kunyang'anya chakula. Hali yake inakueleza juu ya nguvu zake yeye, haikuelezi juu ya ulezi wako. Katika samaki 60, pima 15 hadi 20. Ugumu uko kwenye kuwachota. Ukiingiza wavu na kuchukua waliokuja, utapata walafi wanaokimbilia mkono wako wakidhani ni chakula, au wanyonge wasioweza kukwepa, kutegemea unavyochota. Punguza maji, wasogeze wote upande mmoja kwa kizuizi, kisha chota kwa kikombe mara moja katikati ya kundi, na uwapime wote waliomo bila kubagua. Waandike kwa mpangilio kutoka mdogo hadi mkubwa, halafu chukua namba tatu: wa chini kabisa, wa katikati, wa juu kabisa. Yule wa katikati ndiye anayeliwakilisha kundi.

Na kila mara unapopima, hesabu walio hai. Naliweka hili kwa mkazo kwa sababu limewapotosha watu makini. Wadogo wakifa, wastani wa kundi hupanda hata kama hakuna samaki mmoja aliyekua. Mtu anafurahi kuona wastani umetoka milimita 18 hadi 20, kumbe kapoteza wadogo 12. Ukiuza au kugawa wakubwa, wastani utashuka na utadhani kuna ugonjwa. Bila idadi kando yake, wastani haukwambii lolote.

Pima kila baada ya wiki 2. Hata kwa picha nzuri, kosa la nusu milimita au zaidi kidogo haliepukiki, na kwa kifaranga anayekua milimita 2 kwa wiki, kipimo cha kila siku kitakuwa kelele tupu na kitawachosha samaki.

Ukiweza kupata mizani inayosoma sehemu ya kumi au ya mia ya gramu, ongeza uzito. Weka chombo chenye maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha watie samaki 10 kwa wavu uliochuruzika vizuri. Namba unayoiona ni uzito wao wote. Gawanya kwa 10. Hakuna samaki aliyekaa nje ya maji zaidi ya sekunde chache. Uzito ni mwaminifu kuliko urefu kwa sababu moja kubwa: urefu huficha mambo. Uzito wa samaki asiyebadilika umbo hupanda kwa kadiri ya urefu × urefu × urefu. Samaki aliyetoka milimita 20 hadi 24 ameongeza urefu asilimia 20, jambo ambalo jicho halilioni vizuri, lakini uzito wake umeongezeka kwa takriban asilimia 73. Na wale wadogo wako wanaofika nusu ya urefu wa mkubwa si nusu yake. Wana sehemu moja ya nane ya uzito wake. Hicho ndicho kipimo halisi cha kutokuwa sawa kwao mbele ya chakula.

Kasi hupimwa kwa asilimia kwa siku. Tuseme samaki 10 walikuwa gramu 3.2, na baada ya siku 14 wakawa gramu 4.9. Gawanya 4.9 kwa 3.2, upate 1.53, kwenye kikokotoo bonyeza kitufe cha logariti asilia, kile cha ln, upate karibu 0.43, gawanya kwa siku 14, zidisha kwa 100. Ni asilimia 3 kwa siku, yaani kundi litaongeza uzito maradufu kwa siku 23 hivi kama litaendelea na mwendo huo. Halitaendelea, na hapa ndipo ile kanuni yako ya sentimita 2 kwa mwezi inapoanguka.

Fikiri nayo hadi mwisho. Sentimita 2 kila mwezi ni sentimita 24 kwa mwaka, na 48 kwa miaka miwili. Skalari wa kawaida aliyekomaa ana urefu mzima wa karibu sentimita 15, na mwili wenyewe bila mkia ni mfupi zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. Ukuaji wa samaki hauendi kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1938 mwanabiolojia wa Austria, Ludwig von Bertalanffy, aliuandika kwa mlinganyo ambao wataalamu wa uvuvi wanautumia hadi leo: kadiri samaki anavyoukaribia urefu wake wa mwisho, ndivyo nyongeza ya kila mwezi inavyopungua, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya chakula inakwenda kuutunza mwili uliopo badala ya kujenga mpya. Kwa hiyo kasi yoyote utakayoisoma bila kutajiwa umri, joto na chakula, iache ilipo. Tena kila aina ina tabia yake. Gapi dume karibu husimama kukua akishakomaa, jike anaendelea. Ukilinganisha wawili hao bila kujua jinsia utasema dume amedumaa, naye ni mzima kabisa.

Jambo la pembeni, kwa sababu linanistaajabisha kila nikilifikiria: samaki mwenyewe huweka daftari la ukuaji wake. Ndani ya sikio lake mna vijiwe vya chokaa, na kila siku hujiongezea tabaka jembamba. Mtafiti Giorgio Pannella alionyesha mwaka 1971 kwamba tabaka hizo ni za kila siku, na tangu wakati huo umri wa kifaranga wa porini unaweza kuhesabiwa kwa siku, na upana wa tabaka ukaonyesha siku za shibe na za njaa. Kwetu haifai kitu, kwa kuwa kijiwe hakisomwi mpaka samaki afe. Sisi lazima tuliandike daftari wenyewe.

Sasa kundi lako. Hata nikiweka pembeni namba zako zote, maelezo ya ulezi yananitosha kusema kwamba wanakua polepole kuliko wanavyoweza. Skalari wa wiki 8 aliyelishwa vizuri huwa na mwili wa sentimita 2 hivi, na baadhi hupita hapo. Mkubwa wako huenda yuko hapo au amezidi. Walio nusu yake ndio wanaosema ukweli kuhusu tangi.

Chakula kwanza. Mara 2 kwa siku ni kidogo mno kwa umri huo. Tumbo la kifaranga ni dogo, linajaa upesi na kuisha upesi, na saa zote za katikati anachoma alichonacho. Lisha mara 4 au 5, kidogo kidogo, kiasi kinachoisha ndani ya dakika chache. Vipande vikavu viwe ni sehemu tu ya mlo. Kwa umri huu bado wanafaidika sana na vifaranga vya artemia (viduduvidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi) vilivyoanguliwa siku hiyo hiyo. Sisitizo langu liko kwenye "siku hiyo hiyo", maana artemia hutoka kwenye yai akiwa na akiba yake ya kiini, na kila saa inayopita anaitumia yeye. Ukimlisha samaki wako artemia aliyekaa siku nzima bila kula, unamlisha chakula kilichopungua nguvu. Kiasi cha chakula kikavu kwa samaki wa ukubwa huu huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wao kwa siku. Hapo mizani inakulipa: samaki 60 wa gramu 0.32 ni gramu 19, kwa hiyo chakula ni gramu 1 hadi 2 kwa siku kwa kundi zima. Watu wengi wakipima wanagundua walikuwa wakitoa chini ya nusu ya hiyo.

Joto la nyuzi 25 haliwaui, ila linawapunguzia mwendo. Mwili wa samaki huenda kwa joto la maji yake. Hamu ya kula, usagaji wa chakula na ujenzi wa nyama vyote hupanda na joto hadi kiwango fulani, kisha huporomoka. Kwa vifaranga wa skalari mimi huweka nyuzi 28. Sipandishi zaidi, kwa sababu maji ya moto hushika hewa kidogo: maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25 hubeba hadi miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, yale ya nyuzi 30 hubeba 7.6 tu, na wakati huo huo samaki anahitaji zaidi. Ukipandisha hita, ongeza pampu ya hewa. Na usipandishe joto kabla hujaongeza chakula, utawaongezea njaa tu.

Maji ndiyo mahali ambapo ushauri wangu wa chakula unaweza kukugeukia. Ukilisha mara 5 bila kubadilisha maji, amonia itapanda na ukuaji utasimama ingawa matumbo yamejaa. Sehemu ya amonia inayodhuru inategemea sana pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: kwa nyuzi 25, kwenye pH 7 ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote, kwenye pH 8 inapita asilimia 5. Ndiyo maana kipimo kile kile cha amonia kinaweza kuvumilika kwenye tangi moja na kuumiza kwenye jingine. Mimi hubadilisha thuluthi ya maji kila siku katika umri huu, nusu kama kundi ni kubwa, kwa maji ya joto lile lile yaliyoondolewa klorini, nikinyonya mabaki ya chini kwa mpira. Chujio la sponji ulilo nalo, kama unalo, lisukutue ndani ya maji ya tangi, si ya bomba, ili bakteria wanaokula amonia wasife.

Na samaki 60 ndani ya lita 60 ni wengi. Ule usemi kwamba samaki hukua kwa kadiri ya tangi umewadhuru samaki wengi, kwa sababu unafanya udumavu uonekane kama adabu ya maumbile. Tangi halimwambii samaki asimame. Anasimama kwa sababu uchafu unalimbikizana, chakula hakimfikii, na wenzake hawamwachi apumzike. Kila wiki inayopita wanahitaji nafasi zaidi. Gawanya kundi sasa.

Ukigawanya, gawanya kwa ukubwa, na hapo tumefika kwenye swali la wadogo. Kundi lisilochambuliwa hujitanua lenyewe. Aliyetangulia kidogo anafika kwenye chakula kwanza, anakua zaidi, wiki ijayo anafika mapema zaidi na kuwafukuza wengine. Tofauti iliyoanza na nusu milimita inazaa tofauti ya mara 8 ya uzito, bila mdogo kuwa na kasoro yoyote ya kuzaliwa. Kwa hiyo usimwondoe samaki kwa udogo wake kabla hujampa nafasi mbali na mkubwa. Wanaostahili kuangaliwa kwa jicho jingine ni wale wenye uti uliopinda, vifuniko vya mashavu vilivyo vifupi, au waliokosa mapezi ya tumbo. Hao hawatabadilika kwa chakula. Pia mtazame mdogo anayekula vizuri lakini tumbo linabaki limebonyea na kinyesi ni cheupe chembamba kama uzi, kwani huyo huenda ana vimelea tumboni na anahitaji tiba.

Kuna ishara moja wafugaji wa diskasi na skalari huitumia, nami naiamini kwa tahadhari: jicho. Jicho hukua polepole kuliko mwili, kwa hiyo kifaranga yeyote ana jicho kubwa kwa mwili wake. Lakini mdogo ambaye jicho lake limelingana na la ndugu yake mkubwa, huku mwili ukiwa nusu, alikosa chakula wakati jicho likiendelea. Kwenye picha zako za ubavu unaweza kupima na hilo.

Je, watawafikia wenzao? Samaki aliyenyimwa kisha akashibishwa huwa na kipindi cha kukua kwa haraka kuliko kawaida, kama anayelipa deni. Utakiona, na kitakufurahisha, ila kisome kwa uangalifu. Tuseme mdogo ana mwili wa milimita 12 na mkubwa 24. Baada ya wiki 2 mdogo ana 15 na mkubwa 28. Mdogo ameongeza asilimia 25, mkubwa asilimia 17, na bado pengo limetoka milimita 12 hadi 13. Asilimia ya mdogo karibu daima huwa juu, kwa sababu ni mdogo. Haithibitishi peke yake kwamba anafidia. Mlinganishe na walivyokuwa wakubwa siku walipokuwa na milimita 12: kama walichukua wiki 2 kufika 15 na yeye kachukua wiki 2, basi ni mzima, amechelewa tu. Kama kachukua moja na nusu, anafidia. Ikimchukua 4, kwenye maji safi na bila wa kumfukuza, hapo ndipo neno kudumaa linaanza kumfaa.

Anza vipimo vipya wiki hii, siku ya kugawanya, na usivichanganye na vile vya rula ya nje. Urudie wiki ya 10 na ya 12. Wakubwa ndio watakaoanza kupunguza mwendo mapema, wakiukaribia urefu wao wa mwisho, na mdogo aliyechelewa kwa wiki 3 atawakaribia wakati huo, kuelekea umri wa miezi 10 au mwaka, wakiwa tayari wameanza kuchaguana wenzi. Aliyeachwa na njaa kwa miezi mingi anaweza asifidie yote. Wako wana wiki 8.